Yesu wa Kilo

Desemba iliyopita watoto wa parokia walipita nyumba kwa nyumba wakikusanya majani ya pango la Noeli. Niliwaonyesha yale yaliyofyekwa nyuma ya nyumba asubuhi ileile, mabichi, bado yana maji ya mvua. Walipoyapitisha mbele yangu, harufu ile ilinipanda kichwani, ikabidi nitafute kiti. Wajukuu walidhani ni presha. Ningeanzia wapi kuwaeleza kwamba bibi yao, akiwa na miaka saba, alikaa misa nzima ya Noeli akisubiri kuona mtoto analiwa, na hakufungua kinywa?

Nawasimulia ninyi wa umri wangu, mliokulia katika kambi za wafanyakazi wakati mji huu ungali unaitwa Élisabethville. Ninyi hamhitaji kuelezwa poso ya chakula ya kila juma wala king'ora cha alfajiri. Hamhitaji hata kuelezwa kilo, lakini nitaieleza, maana wajukuu wakisikia neno hilo wanafikiria sukari. Kilo ilikuwa siku. Kila Jumanne akina mama walipanga mstari mbele ya zahanati ya kambi, kila mmoja na mtoto wake na karatasi yake. Mamere, yaani sista, alimvua mtoto nguo, akamlaza katika beseni la mizani, akasukuma kile chuma kidogo huku na huku mpaka mkono wa mizani utulie. Kisha alisema namba kwa sauti. Namba ikipanda, mama aliondoka kichwa juu. Ikishuka, alisemwa mbele ya wenzake wote, na juma zima hakukuwa na bomba la maji ambalo angechota bila kutazamwa.

Mama yangu aliondoka kichwa juu kila Jumanne. Mdogo wangu Banza alikuwa mnene ajabu, mapaja mikunjo mitupu, shingo haionekani. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni kutwa, na uti wangu wa mgongo ulimjua kuliko mtu yeyote. Wanawake walimbana mashavu njiani wakasema, "Uyu mutoto, nitamukula!" Ni maneno ya mapenzi tu, nami nimeyasema mara nyingi kwa watoto wa watu. Zamani hizo nilikuwa nacheka nikiyasikia.

Aliyeniharibia kicheko ni mjomba Kasongo, mdogo wake mama. Alikuwa boi katika nyumba ya wazungu kule mjini, na Jumapili alikuja kwetu na viatu vilivyong'aa na maneno ya Kifaransa, akitugawia kama peremende. Vite ni haraka. Boire ni kunywa. Manger, alilotamka manje, ni kula. Tulikariri naye mpaka mama akatufukuza uani. Jumapili moja, akishatufundisha kula na kunywa, akatuambia na habari za batumbula.

Ninyi mnawajua batumbula. Hakuna mtoto wa wakati ule ambaye hakukimbia kwa ajili yao. Watu walisema ni weusi wenzetu, waliotumwa na wazungu kukamata watu njiani, na kwamba aliyekamatwa hakurudi.

"Abakamati kila muntu," mjomba alisema, akilamba mfupa wa kuku. "Banachagua banene. Ukiwa mukondo, banakufungia kwanza, banakulisha, banakulisha. Banakupima. Kilo ikifika, basi, ni fête, karamu."

"Kasongo!" mama aliita kutoka jikoni. "Acha kuogopesha batoto!"

Mjomba akacheka. Mimi nilikuwa na Banza mapajani, anatafuna kidole changu kwa fizi zake, na neno kilo lilikuwa limekwisha kuniingia.

Majuma machache baadaye, mvua za Novemba zikiwa zimekolea, tulikuwa kwenye mstari wa Jumanne. Mamere alimpima Banza, akasema namba, akacheka peke yake. Akamwinua juu ili akina mama wote wamwone.

"Mwaka huu Yesu ya Noeli hapana sanamu," alisema kwa Kiswahili chake cha Ulaya. "Sanamu navunjika kichwa. Mwaka huu Yesu iko mutoto ya kweli, mutoto ya kambi! Ule iko na kilo muzuri kupita wote."

Akina mama walipiga vigelegele. Mama yangu aliinamisha uso akicheka kwa haya, maana kila mtu alimtazama yeye. Mamere akaendelea kueleza: siku ile ya Noeli mtoto ataletwa kanisani, atavuliwa nguo, atalazwa juu ya majani mbele ya altare, mu mangeoire.

Mangeoire. Wenzangu walisikia manjwari, neno la kizungu tu, likapita. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa mjomba Kasongo. Manje ni kula. Basi manjwari ni mahali pa kulia. Nilimtazama Mamere akimbana Banza paja kwa vidole viwili.

Sasa msicheke haraka. Nilijitahidi kutafuta ukweli. Katika katekismu ya Jumamosi, sisi ambao hatujapata komunyo ya kwanza tulifundishwa na katekista mmoja mzee, mpole, mwenye kikohozi. Tulikuwa tumefika pale pasemapo kwamba katika komunyo wakubwa wanakula mwili wa Yesu. Niliinua mkono, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kamwe.

"Mwalimu, ule mwili unatokaka wapi?"

"Swali muzuri," alisema, akafurahi kabisa. "Yesu alizaliwa Noeli juu ya kujitoa kwetu. Juu tumukule."

"Alizaliwa juu bamukule?"

"Njo vile," alisema, yaani ndivyo hivyo. "Ni fumbo, mutoto yangu. Ikala."

Nikakaa. Fumbo lenyewe kwangu halikuwa fumbo tena. Kila Noeli anazaliwa Yesu mpya, na watu wanamla mwaka mzima, vipande vidogo, Jumapili kwa Jumapili. Ndiyo maana watoto hatukuruhusiwa kusogea pale mbele. Ndiyo maana wakubwa walirudi vitini wamefunga macho, hawasemi na mtu. Na mama yangu alikwenda pale mbele kila Jumapili.

Hilo la mwisho ndilo lililonifunga mdomo. Ningemwambia nani? Baba alirudi kutoka kiwandani akiwa amechoka, akala bukari, yaani ugali, akalala. Mjomba angecheka. Na mama, kila jioni, alikuwa akimshonea Banza kishuka cheupe kwa kipande cha kitambaa alichopewa katika shule ya kushona ya masista, akiimba chinichini. Niliogopa kumwambia kwa sababu niliogopa jibu. Je, akisema anajua?

Kwa hiyo nikaanza kazi yangu mwenyewe. Mchana mama alipokuwa kwenye kushona, mimi ndiye niliyemlisha Banza uji wa maziwa ya unga. Kuanzia siku ile nilimpa vijiko vitano, na uliobaki nikaumwaga nyuma ya ua, kuku wa jirani wakaja mbio. Siku ya kwanza Banza alinitazama kijiko kilipokwisha, akafungua kinywa tena, akangoja. Nilimwonyesha bakuli tupu. Akangoja bado, kinywa wazi, hakulia hata. Laiti angelia mapema, nadhani ningeacha.

Alilia kesho yake na keshokutwa. Nilimpa maji. Nilizunguka naye kambi yote mgongoni ili achoke alale, nikimwambia kwa siri, vumilia, ni mpaka Noeli tu. Mama akiwepo nilijifanya mlishaji mwema, na usiku alinyonya, kwa hiyo hakuna aliyeshuku. Lakini mashavu yalianza kulegea. Mikunjo ya mapaja ikapungua mmoja, ikapungua miwili. Nilikuwa nikiihesabu kila asubuhi, nafurahi na kuogopa kwa wakati mmoja.

Jumanne ya pili ya kazi yangu Mamere alisukuma chuma, akakirudisha nyuma, akakirudisha tena. Akatazama karatasi. Kisha akasema namba, na namba ilikuwa imeshuka.

"Mama, weye nafanya nini na mutoto?"

"Anakula, Mamere. Anakula muzuri."

"Hapana kula muzuri! Mutoto nakonda! Weye mama mubaya."

Mama alimvika Banza nguo, vidole vyake vikakosa vifungo. Tulirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, ile inayopita kwenye mifereji, ambako hakupiti watu. Jioni nilisikia wanawake bombani wakisema mama na baba "hawakungoja". Sikuelewa walitakiwa wangoje nini. Nilielewa miaka mingi baadaye, nilipokuwa na mtoto wangu mwenyewe: kwetu mtoto wa kunyonya akikonda ghafla, watu husema wazazi wake wamelala pamoja kabla ya wakati na maziwa yameharibika. Hiyo ndiyo aibu niliyomtwisha mama yangu. Alikaa kwenye kigoda akijikamua titi katika kikombe, akayanusa maziwa, akayaonja, akayamwaga. Nilimwona kupitia tundu la mlango. Nilitaka kumkumbatia na kumwambia kila kitu, lakini Noeli ilikuwa imebaki siku kumi na tano tu, nikajikaza.

Jumanne iliyofuata Mamere alimchagua Tshibangu.

Tshibangu alikuwa mdogo wake Juliana, na Juliana alikuwa rafiki yangu. Tuligawana ukuta. Baba yao alikuwa karani, mtu wa Kasai, na mama yao alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kicheko kilichofika mpaka barabarani. Mama Juliana alipoambiwa kwamba mwanawe ndiye Yesu, alicheza papo hapo mbele ya mizani. Mama yangu alimpigia makofi pamoja na wengine. Kisha akatoa kile kishuka cheupe kwenye kikapu, kimekwisha kushonwa, akampa.

"Chukua, ndugu yangu. Ya kwangu ayiko na kazi nayo tena."

Mchana ule nilimlisha Banza bakuli zima. Nililia nikimlisha. Nikakorogea bakuli la pili, akalila lote, akacheua, akacheka, uji ukimtoka puani, nami nikamwomba Mungu anisamehe na kumshukuru katika sala moja. Ndani ya siku chache mashavu yalianza kurudi.

Lakini usalama ule haukuniletea usingizi. Ng'ambo ya ukuta nilimsikia Tshibangu. Alikuwa mtoto wa kupiga kelele, anaamka anaimba lugha yake, na kila asubuhi niliposikia sauti ile nilihesabu siku zilizobaki. Nilijiambia hainihusu. Nilijiambia wao wana watoto watano, na sisi tulikuwa wawili tu, maana wengine wawili walikufa kabla ya Banza. Hesabu hiyo niliifanya kweli, kichwani mwangu, nikiwa na miaka saba, na sijawahi kuisahau.

Siku mbili kabla ya Noeli nilishindwa kuvumilia. Tulikuwa tunaosha sahani uani, mimi na Juliana.

"Usimupe Tshibangu uji mingi," nilimwambia.

"Juu ya nini?"

"Basi tu. Akonde kidogo."

Juliana aliweka sahani chini, akanitazama. "Uko na wivu. Juu mutoto yenu ilikonda, unataka na ya kwetu ikonde."

"Apana, Juliana, sikia..."

"Uko na wivu!" alisema tena kwa sauti, mpaka mama yake akachungulia mlangoni kuuliza kuna nini. Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi, mtu mzima alikuwa ameuliza. Nikasema hakuna kitu, nikaendelea kusugua sahani.

Asubuhi ya Noeli mvua ilikuwa imepiga tangu alfajiri, na kanisa lilijaa mvuke wa nguo mbichi. Pango lilikuwa limejengwa upande wa kushoto wa altare, karibu kabisa na kile kizuizi cha mbao ambapo wakubwa hupiga magoti wakati wa komunyo. Majani yalikuwa ya siku ileile. Harufu yake ilifika mpaka tulipokaa watoto. Mafundi wa kambi walitengeneza manjwari kwa mbao mpya, yenye miguu minne iliyopishana, na kwangu ilifanana na meza. Wachungaji walikuwa vijana wa kiwandani waliojifunika mablanketi ya kampuni. Maria alikuwa msichana wa shule ya kushona, na mikononi mwake alimbeba Tshibangu, uchi, mnene, anang'aa kwa mafuta ya mawese aliyopakwa na mama yake.

Mafuta. Niliona yale mafuta, nikawaza sufuria.

Maria alimlaza juu ya majani. Kwaya ikaimba kwa nguvu zote. Tshibangu alipiga miguu, akashtuka na kelele, akaanza kulia. Niligeuza kichwa kumtafuta mama yake. Alikuwa safu ya tatu, amevaa kitambaa kipya kichwani, anacheka meno yote nje.

Padri aliendelea na Kilatini chake, mgongo kwetu. Sikuelewa neno hata moja, na ndiyo maana nilielewa kila kitu. Kengele ndogo ililia. Watu wote waliinamisha vichwa. Mimi peke yangu nikabaki natazama, nikisubiri kisu. Sikujua kitatoka wapi. Nilitazama mikono ya padri, nikatazama mfuko wa Mamere. Banza alikuwa mgongoni kwangu, amelala, pumzi yake inanichoma shingoni. Kila Tshibangu alipolia, mimi nilizidi kukaza kitenge kifuani, nikakikaza mpaka Banza akanung'unika.

Kisha wakubwa walianza kwenda mbele. Walipiga magoti safu moja kando ya pango, karibu na mtoto. Mama yangu alikuwa miongoni mwao. Nilimwona akifumba macho, akiinua uso, akifungua kinywa kama Banza alivyokuwa akifungua kinywa akingoja kijiko. Wakati huohuo Tshibangu alinyamaza.

Alinyamaza ghafla, katikati ya kilio. Watu waliopiga magoti walikuwa wamenizibia, sikuona chochote isipokuwa migongo. Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kukimbia, hatua zenyewe hazikuzidi ishirini. Badala yake nilipeleka mkono nyuma, nikashika mguu wa mdogo wangu, nikausikia moto na mzima, na moyo wangu ukasema wazi, kwa maneno: afadhali yule. Ndipo machozi yakanitoka. Hayakuwa machozi ya huruma. Nilikuwa nalia kwa kupona.

Safu ilipotawanyika, Tshibangu alikuwa pale. Mamere alikuwa amemtia kidole chenye sukari mdomoni, naye alikuwa akikinyonya kwa bidii, majani yamemganda kichwani, na chini ya manjwari mkojo ulikuwa ukidondoka tone kwa tone kwenye sakafu ya kanisa. Watu walianza kucheka. Hata padri alipogeuka alijizuia. Misa ikaisha, Mama Juliana akaenda kumchukua mwanawe, akamfuta kwa kile kishuka cheupe cha mama yangu.

Mwaka uliofuata, nikiandaliwa kwa komunyo ya kwanza, walinieleza habari za mkate, na kwamba manjwari ni hori la kulishia ng'ombe, nikajua nilivyokuwa mjinga. Ujinga ule niliucheka haraka sana. Nilimsimulia mpaka mjomba Kasongo, akaanguka chini kwa kicheko. Ya uji sikumwambia mtu. Mama aliingia kaburini akiamini kwamba mwezi ule maziwa yake yalikuwa mabaya.

Lakini asubuhi ile, nje ya kanisa, sikuwa bado najua kitu. Nilisimama chini ya ukingo wa paa na Banza mgongoni, macho yamevimba, watu wanapita wakipeana heri. Mamere alikuwa amewapa watoto wa nyumba ya Yesu, yaani ndugu zake Tshibangu, biskuti, moja moja, kubwa, zenye sukari juu. Juliana alinitafuta kwenye umati mpaka akaniona. Nilidhani anakuja kuniita mwenye wivu mbele ya watu.

"Nilikuona," alisema. "Bote balikuwa banaimba, weye peke yako ulikuwa unalia. Ulikuwa unamulilia mutoto yetu, kweli?"

Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Alikuwa ananiomba radhi.

"Njo vile," nilimwambia.

Akavunja biskuti yake vipande viwili, akatazama kipi ni kikubwa, akanipa hicho. Nikala palepale mbele yake, mpaka chembe ya mwisho.